Nyumba ya likizo Pwani inakula pesa miezi 11 ambayo haupo

Kuna swali moja linarudi sana kwa watu wanaotuandikia wakiwa ng'ambo: "Nataka kujenga au kununua nyumba ndogo Pwani ya kuja kupumzika Desemba. Nitume pesa aje ya kuitunza?" Wengi wanauliza njia ya kutuma. Karibu hakuna anayeuliza ni ngapi. Mimi naona swali la pili ndilo linavunja watu, na nitaeleza kwa hesabu ya nyumba ninayoijua vizuri, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikishika simu.

Shangazi yangu ni muuguzi Dallas. Mwaka 2021 alimaliza kulipia nyumba ya vyumba vitatu Kilifi, ploti yake mwenyewe, na banda la makuti mbele ambapo upepo wa bahari unakupiga usoni. Kwa mtu ambaye amelala kwa watu kila akija nyumbani, hiyo nyumba ilikuwa kitu kikubwa. Alilia siku aliyopewa funguo, sisi wote tukalia naye. Hesabu yake ya matunzo ilikuwa fupi: mzee wa kukaa pale elfu 20 kwa mwezi, stima na vitu vingine vidogo elfu 5. Elfu 25 kwa mwezi, laki tatu kwa mwaka. "Hiyo ni shift chache tu," akaniambia.

Mwaka jana nilikaa na risiti, jumbe za simu na taarifa za akaunti za miezi 12 nikajumlisha. Haikuwa laki tatu. Ilikuwa 568,500.

Pesa ilienda wapi

Mzee ni 240,000 kwa mwaka, hiyo tulijua. Lakini mtu uliyemwajiri akulindie nyumba ni mfanyakazi kisheria, si jamaa anayekusaidia. Mwajiri anachangia NSSF asilimia 6 ya mshahara na ushuru wa nyumba asilimia 1.5. Kwa mshahara wa elfu 20 hiyo ni 1,500 kwa mwezi kutoka mfukoni mwako, juu ya mshahara, yaani 18,000 kwa mwaka. Halafu kuna zile zinazokatwa kwake, sehemu yake ya NSSF, ushuru wa nyumba, na bima ya afya ya SHA asilimia 2.75, ambazo ni kazi yako kuzikata na kuzipeleka. Tena ana haki ya siku 21 za likizo ya malipo kila mwaka. Akienda kwao, nani anakaa na nyumba? Tuliweka kijana kwa 15,000. Shangazi hakuwa amefikiria kwamba mtu anayetunza nyumba ya likizo naye anaenda likizo.

Stima: 42,500. Hapa watu hushangaa kwa sababu nyumba haina mtu. Lakini taa za usalama zinawaka kila usiku, pampu inavuta maji, na mzee ana friji yake ndogo. Ni kama 2,500 kwa mwezi nyumba ikiwa imelala. Halafu Desemba viyoyozi vitatu vinawashwa mchana na usiku na watoto wanaacha milango wazi. Mwezi huo mmoja ulikula tokeni za 15,000. Ukumbuke bei ya yuniti haifanani kwa wote: anayetumia zaidi ya yuniti 100 kwa mwezi anawekwa kwenye daraja la juu, na daraja linaangaliwa kwa wastani wa miezi iliyopita. Kwa hivyo ule mwezi wa sherehe unaweza kukufuata hadi Februari, wakati uko Texas umevaa koti.

Maji 30,000, pamoja na boza mara nne mfereji ulipokauka. Intaneti 36,000, na hii nilimpinga shangazi, lakini anataka kuona kamera akiwa kazini. Bima ya nyumba 35,000. Ukiwa na makuti jiandae kuulizwa maswali mengi, maana moto wa makuti hausubiri mtu. Kampuni nyingine zitakutoza zaidi, nyingine zitakuambia banda haliko ndani ya bima. Soma karatasi kabla ya kulipa. Kodi ya ardhi ya kaunti 12,000. Hiyo ni ndogo, lakini ndiyo inasahaulika zaidi, na adhabu yake inajilundika kimyakimya hadi siku unataka cheti cha kuonyesha hudaiwi. Kama ardhi yako ni ya kukodishwa na serikali kwa miaka kadhaa, kuna kodi nyingine tena unalipa serikali kuu kupitia eCitizen. Hizo ni bili mbili tofauti, na risiti ya moja haifuti nyingine.

Sasa chumvi. Mtu wa Nairobi hawezi kuelewa chumvi mpaka amiliki bawaba Kilifi. Nyumba ya bara inazeeka, nyumba ya Pwani inaliwa. Bawaba zinashika kutu, kufuli inakwama, geti linatoboka chini, feni inaanza kulia, mashine ya nje ya kiyoyozi inageuka rangi ya chai. Kama maji ya kisima chako yana chumvi, na mengi ya karibu na ufuo yanayo, basi bomba za bafu na hita ya maji zinaliwa kutoka ndani pia. Nyumba iliyofungwa inaharibika haraka kuliko inayokaliwa, kwa sababu hakuna anayefungua dirisha na unyevu unalala kwenye magodoro na kabati. Mchwa nao hawachukui likizo. Tuliweka 70,000 za mafundi na ikaisha Septemba.

Kuna gharama nyingine hazionekani kwa mwaka mmoja, kwa hivyo watu huzifanya kama hazipo. Rangi ya nje tunapaka kila baada ya miaka mitatu, 150,000. Makuti ya banda, yakifumwa vizuri, yanakaa miaka mitano, sita, saba hivi, na kuyabadilisha tuliambiwa 120,000. Hizo ukizigawa ni 50,000 na 20,000 kwa kila mwaka. Hiyo pesa lazima iwe inakusanywa mahali, la sivyo mwaka wa sita utapigiwa simu ya laki na ushee na utafikiri unaibiwa. (Rangi ipakwe Januari au Februari wakati wa kaskazi, kuta zikiwa kavu. Fundi akikuambia ataipaka Mei, huyo anataka tu deposti yako.)

Jumlisha mwenyewe. Shangazi alilala kwenye nyumba yake usiku 21 mwaka huo. Ni kama 27,000 kwa usiku mmoja, bila kuhesabu bei aliyonunulia na bila tiketi ya ndege. Nilipomtumia hiyo hesabu kwa WhatsApp alikaa siku mbili bila kujibu.

Dola haitulii

Kitu kingine ambacho mtu wa ng'ambo lazima aelewe ni kwamba gharama zako ziko kwa shilingi na mshahara wako uko kwa pesa nyingine. Mwanzoni mwa 2024 dola moja ilifika karibu shilingi 160. Miezi michache baadaye ilikuwa karibu 129 na ikakaa hapo. Chukua zile 568,500: kwa 160 unahitaji kama dola 3,550, na kwa 129 unahitaji kama 4,400. Dola 850 zaidi, na hakuna hata msumari mmoja umeongezwa kwenye nyumba.

Shangazi alikuwa amezoea kutuma dola 200 kwa mwezi. Kwa ile bei ya 160 zilikuwa 32,000, tukawa tunapumua. Zikashuka zikawa chini ya 26,000. Yeye kwake hakuna kilichobadilika, anatuma zile zile. Huku upande wetu elfu sita imepotea kila mwezi, na hakuna aliyemwambia. Sisi tuliona haya kuomba, yeye akaona pesa anatuma. Ndiyo maana nasema bajeti ya nyumba iandikwe kwa shilingi, na wewe ndiye utafute dola za kuitosha. Ukiandika kwa dola, atakayelipa pengo ni yule aliye chini kabisa kwenye foleni.

Na huyo alikuwa mzee.

Kilichotokea kwa mzee

Pesa ilikuwa inapita kwa mikono. Shangazi anatuma kwangu, mimi natuma kwa binamu yangu Mombasa kwa sababu yeye "yuko karibu", binamu anampelekea mzee na kununua vitu. Kila mkono ulikuwa na sababu nzuri ya kukata kidogo: ada ya kutuma, nauli ya matatu hadi Kilifi, fundi aliyedai zaidi. Mimi mwenyewe mwezi mmoja nilikaa na elfu nane ya pampu kwa siku kumi kwa sababu kodi yangu ya nyumba ilikuwa imefika na mshahara haukuwa umeingia. Niliirudisha. Lakini siku kumi hizo mzee alikuwa anachota maji kwa ndoo kumwagilia bustani ya mtu aliye Marekani.

Wakati pesa ilipungua, bili za kampuni zililipwa, maana kampuni inakukatia. Mzee hawezi kukukatia. Alilipwa nusu mwezi wa kwanza, nusu mwezi wa pili, mwezi wa tatu akaambiwa angoje kidogo. Alinipigia mara moja tu. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza hali ya kazi, hali ya mama, halafu akasema, "Mwanangu, mimi nauliza tu kama mama wa Marekani yuko mzima, maana kimya kimezidi." Hakutaja pesa. Mimi nikamwambia yuko mzima, atatuma. Sikumpigia shangazi jioni hiyo, wala kesho yake.

Aliondoka. Hakuiba kitu, alimwachia jirani funguo. Nyumba ilikaa siku tisa bila mtu kabla ya sisi kujua, na kamera haikuonyesha kitu kwa sababu tokeni ziliisha na intaneti ikazima. Pampu iling'olewa, nyaya za nje zikavutwa, na betri ya taa za geti ikaenda. Kurekebisha kukala 94,000. Deni la mzee lilikuwa 41,000. Tulimtafuta tukamlipa, alikubali pesa lakini hakukubali kurudi, na simlaumu. Shangazi na binamu yangu hawaongei hadi leo.

Kwa hivyo maoni yangu ni haya, na najua wengine hapa ofisini hawakubaliani nami: kama huwezi kumlipa mtunza nyumba moja kwa moja wewe mwenyewe, kwa jina lake, tarehe ile ile kila mwezi, usinunue nyumba ambayo hautaishi. Jamaa si mfumo wa malipo. Ukimpa jamaa kazi ya kusimamia, mlipe kama msimamizi na umwambie kiasi. Ukisema "nisaidie tu," atajilipa mwenyewe, na hataita wizi, ataita nauli.

Tunavyofanya sasa

Mzee mpya analipwa na shangazi mwenyewe, kwa nambari iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake huyo mzee, tarehe 28. Ada ya kutoa inaongezwa juu, maana elfu 20 ya mkataba ni elfu 20 mkononi kabla ya makato ya serikali, si elfu 20 toa ya ajenti. Tokeni za stima ananunua shangazi kwa nambari ya mita, ujumbe wa tokeni anamtumia mzee. Maji na kodi ya ardhi zinalipwa kwa nambari ya malipo na nambari ya akaunti, hazipiti kwa mtu yeyote. Mimi sishiki tena pesa ya kawaida. Nimebaki na mafundi tu: wananitumia picha ya kilichoharibika, bei, na picha ya kazi ikiisha, na fundi analipwa kwa simu yake ili kila shilingi iwe na jina upande wa pili.

Mambo mawili ya tahadhari, kwa sababu yameshatokea kwa wateja. Ukipata ujumbe "mzee amebadilisha namba, tuma hapa," usitume. Piga ile namba ya zamani kwanza, halafu ukitaka kutuma kwa mpya soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha. Na usimwachie mtu laini yako ya Kenya pamoja na PIN ati "awe analipa bili". Huo ni mfuko wako wote umemwachia.

Kwa kazi kubwa kama rangi, jua mipaka pia. Tangu Agosti 2023 kiwango cha juu cha muamala mmoja kwenye M-Pesa ni 250,000, na akaunti inabeba hadi 500,000. Inatosha kazi nyingi za nyumba, lakini mimi ningelipa fundi kwa awamu hata kama mipaka ingekuwa milioni.

"Si niiweke tu Airbnb ijilipe?"

Kila mtu anauliza hivi. Jibu langu ni kwamba inaweza kusaidia lakini haijilipi yenyewe. Ukipokea wageni wa muda mfupi unaingia biashara ya malazi: leseni ya utalii, tozo ya utalii ya asilimia 2, mtu wa kufua mashuka, mtu wa kupokea wageni saa nne usiku, na kamisheni ya tovuti. Na wageni wanataka Desemba na Pasaka, siku zile zile unazotaka wewe.

Ukiweka mpangaji wa kudumu ni rahisi zaidi, lakini basi si nyumba ya likizo tena. Kodi ya mapato ya nyumba kwa mkaazi ni asilimia 7.5 ya kodi yote unayopokea tangu Januari 2024, kwa mapato ya kati ya 288,000 na milioni 15 kwa mwaka. Kwa asiye mkaazi ni asilimia 30. Ni tofauti kubwa, na hapa kuna kitu watu wa ng'ambo hawajui: sheria inaweza kukuhesabu mkaazi kama una makao ya kudumu Kenya na umekuwa nchini muda wowote mwaka huo, hata kama haujafikisha siku 183. Kama nyumba yako ya likizo ni "makao ya kudumu" au la, hilo ni la kuuliza mhasibu kabla, maana ukaazi unaleta na majukumu mengine. Pia kama ulichukua uraia wa nje kabla ya katiba ya 2010 na hukurudisha wa Kenya, kisheria wewe si raia, na asiye raia anaweza kumiliki ardhi kwa mkataba usiozidi miaka 99 tu. Shangazi alirudisha wake 2015, miezi minane ya makaratasi.

Mimi nimemwambia auze. Nimempigia hesabu ya nyumba ya kukodi ya wiki tatu kila mwaka, chumba cha kila mtu na mpishi juu, na inabaki pesa ya kusomesha mtoto. Ameisoma. Akaniuliza kama hesabu yangu imeweka banda, na kama kuna mtu amewahi kulia akipewa funguo za nyumba ya kukodi. Halafu akasema tutaongea Desemba akiwa hapo barazani. Tiketi ameshakata, na amenitumia 6,500 za boza mbili nimlipe mwenye gari kabla hajafika. Nimemrudishia, nikamtumia namba ya mwenye gari amlipe mwenyewe.